Tangawizi imegoma kunenepa: je, vinasaba vimechoka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kihamba kidogo Uru, Moshi. Nilikata migomba ya upande wa chini nikapanda tangawizi tupu, maana wanunuzi wa tangawizi ya dawa na ya chai walikuwa wanaifuata mpaka nyumbani. Mwanzoni matunguu yalijaa kiganja. Huu ni mwaka wa tano, sehemu ile ile, na mbegu naitunza mwenyewe. Sasa vidole ni vyembamba na majani yanageuka njano kuanzia chini. Jirani anasema vinasaba vya mbegu yangu vimechoka. Ni kweli? Na mbona hii midogo inawasha zaidi, ndiyo dawa zaidi?
Mama wa Uru

JIBU: Marahaba, mama. Vinasaba (jeni) vyenyewe havijachoka. Tangawizi unaipanda kwa vipande vya tunguu, kwa hiyo mche unaoota ni mama yake yule yule, na miaka mitano haitoshi kumgeuza. Kinachobadilika ni jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamaza.

Wachina wamelichunguza hili kwenye dihuang, mmea wa dawa wanaoulima kwa ajili ya mizizi, hasa jimbo la Henan. Kule mkulima harudishi dihuang kwenye shamba lile lile mpaka ipite miaka 8 au zaidi. Akiharakisha, mzizi hauvimbi, unabaki nyuzinyuzi. Watafiti walilinganisha mizizi ya shamba jipya na ya shamba lililorudiwa. Kwenye lililorudiwa, jeni za ishara za kalsiamu na za kutengeneza ethilini (homoni ya mmea), ambazo huamka mmea ukiwa hatarini, zilikuwa juu. Zile za kunakili DNA na kugawanya seli zilikuwa zimeshuka. Mmea unajilinda tu, kukua umeacha. Chanzo kiko ardhini: mizizi humwaga kemikali ziitwazo asidi za fenoliki, kuvu wa fuzari wanaongezeka, na bakteria wema kama Pseudomonas wanapungua.

Tangawizi si dihuang, lakini nayo huchoshwa na udongo uliorudiwarudiwa, na yako yote ni uzao mmoja: ugonjwa unaouweza mche mmoja unaliweza shamba zima. Halafu unatunza mbegu kutoka humo humo. Tunguu linaweza kuonekana zima na ugonjwa umo ndani. Hapo ndipo naona shida kubwa kuliko zote.

Njano inayoanza chini, bila mche kuanguka ghafla, inanifanya nishuku mnyauko fuzari. Hakikisha. Kata shina lenye njano karibu kabisa na udongo, chukua kipande cha urefu wa kidole, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, upande uliokatwa chini, na usikitikise. Ndani ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, huo ni mnyauko bakteria, na hapo usithubutu kupanda nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, maana zote huugua ugonjwa huo. Maji yakibaki safi, pasua tunguu: ukahawia na ukavu ndani vinaelekeza kwa fuzari. Vyovyote iwavyo, funga mche mzima na udongo wake kwenye gazeti, upeleke TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), Ngaramtoni, Arusha.

Kuhusu kuwasha: mmea wenye dhiki mara nyingi huongeza kemikali za kujilinda, lakini mavuno yakishuka hivyo, dawa unayoitoa shambani inapungua. Tena ukali si kipimo. Tangawizi ikikaushwa tu, sehemu ya jinjeroli yake, ile kemikali inayowasha, hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi.

Sasa toa tangawizi hapo. Masalia yachome, usiyatupe kwenye mboji. Weka mahindi, na msimu mmoja hautoshi, kwa sababu fuzari hukaa udongoni miaka mingi. Na migomba irudishe, mama. Inaniuma kuona kihamba kinafyekwa kwa ajili ya zao moja, wakati wazee wetu waliweka kahawa, migomba na magimbi pamoja chini ya mti wa mfuruanje, na tangawizi yenyewe haichukii kivuli kidogo.

Mbegu mpya usinunue sokoni. Nenda kwa mkulima ambaye shamba lake umelikagua likiwa bado na majani mabichi, na kisu cha kukatia kipitishe kwenye moto kila unapomaliza tunguu moja. Lakini subiri kwanza majibu ya Ngaramtoni, kisha uniandikie.