Muulize Shangazi wa Safari: Wanachama wanane, nyumba moja Toscana

SWALI: Shangazi, salaam. Sisi ni wanawake wanane wa chama kimoja hapa Mombasa. Badala ya kugawana pesa, tumekubaliana twende Italia mashambani, siku kumi, Septemba mwakani. Mweka hazina ameshapanga: Roma, Florence, Venice, kisha Toscana, kila baada ya siku mbili tunahama. Mimi nilitaka kupumzika! Tena tuna mama wa miaka 68, magoti yanamsumbua, na watano kati yetu ni Waislamu. Tufanyeje tusije tukarudi hatusemezani?
Mchovu wa Nyali

JIBU: Mchovu wangu, hiyo ya mweka hazina si likizo, ni kazi ya utingo. Kila mkihama asubuhi nzima imekwenda: wanawake wanane, masanduku manane, bafu mbili, na treni haimngoji mtu. Chukueni nyumba moja mkae hapo hapo usiku saba, kisha mmalizie Roma. Venice iacheni. Anayeitaka sana arudi siku yake.

Nyumba yenyewe iwe agriturismo, yaani shamba lenye wakulima wake ambalo pia lina vyumba vya wageni. Waitaliano waliitungia sheria mwaka 1985 ili mkulima apate kipato cha pili asilikimbie shamba. Mimi naishi Umbria, jirani tu, lakini nyinyi ningewaweka Val d'Orcia, kusini mwa Siena. Ila waambie wenzio mapema: zile picha za vilima vya kijani ni za Aprili na Mei. Septemba ngano imeshavunwa, vilima vina rangi ya udongo uliolimwa. Mtu asije akalia ametapeliwa. Mtakachokuta ni mavuno ya zabibu, trekta zikipita taratibu na matela yamejaa, na nyigu nyuma yake.

Mama wa magoti mpelekeni Pienza. Mji mdogo, karibu wote ni tambarare, na kila duka la pili linanuka jibini ya kondoo. Montepulciano ni pazuri pia, lakini njia yake kuu inapanda mpaka juu kabisa. Yeye abaki mkahawani huku chini na mtu wa kupiga naye soga. Matembezi mawili ya mbali kwa wiki yanatosha. Siku nyingine zote anayetaka kulala alale, na asiulizwe.

Jikoni ndiko watu hugombania. Mimi Kiitaliano nilijifunzia Malindi, katika jiko la hoteli, na nawajua wapishi wao: supu ya maharage hutiwa kipande cha nguruwe na mpishi haoni kama ameweka nyama. Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba kabla hamjalipa, senza maiale, yaani bila nguruwe, na umtajie strutto kwa jina, yaani mafuta ya nguruwe, maana huingia hata kwenye vitafunio vya unga. Akijibu kwa kusitasita, tafuteni nyumba nyingine. Akikubali, mwombeni awafundishe pici, tambi nene za unga na maji zinazoviringishwa kwa viganja. Mikono ya kusukuma chapati haitapata tabu. Mkate wa Toscana hauna chumvi, wala hawajasahau. Na mje na bizari yenu ya pilau.

Gari: kodini mawili madogo, uwanja wa ndege wa Fiumicino, msikanyage katikati ya Roma. Leseni ya kawaida inaruhusu gari la watu tisa pamoja na dereva, lakini masanduku mtayapakata? Madereva waje na leseni ya Kenya pamoja na kibali cha kimataifa, na wakumbuke huku tunaendesha kulia. Njia za mashambani nyingi ni changarawe nyeupe, na aliyezoea murram hababaiki. Kinachowaponza wageni ni kuingia na gari ndani ya miji ya kale. Mkiona kibao cha duara, cheupe, kimezungukwa na wekundu, na maneno zona traffico limitato, yaani magari yenye kibali tu, geuzeni. Kuna kamera, hakuna askari wa kubembeleza, na faini itakufuata hadi Nyali miezi baadaye, kampuni ya gari imeongeza ada yake juu.

Viza ya Schengen, ya kuingilia Italia, kila mtu anaomba yake, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Bima ya matibabu ya safari iwe ya kulipia hadi euro 30,000 angalau. Viza ya mmoja yaweza kukataliwa, kwa hiyo chagueni nyumba inayorudisha pesa mkighairi. Wengi hudai caparra, yaani arubuni ya kushikia nyumba, na kwa sheria yao mgeni akijitoa imeliwa. Mwenye nyumba akijitoa anairudisha mara mbili. Mweka hazina mpe kazi hiyo, imfae.

SWALI: Shangazi shikamoo, sisi likizo yetu ni Agosti tu, watoto sita na wazazi wanne. Toscana vipi?
Baba Pacha, Dar

JIBU: Marahaba. Joto mtaliweza, bei sijui. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, Italia nzima iko likizo na vijijini maduka mengi hufungwa, basi nunueni chakula siku moja kabla. Bwawa la kuogelea lisikosekane, na ulizeni kama lina uzio. Agosti nyumba nyingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo tiketi za ndege zifuate nyumba.