Ndege haimalizi nusu ya safari ya roketi

Wapo wanaosema roketi ikibebwa na ndege hadi kilomita 12 juu, nusu ya safari imeshakwisha. Hapana ndugu, kuifikisha huko hakumaanishi nusu ya kazi imekwisha. Kazi kubwa ya kwenda kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, ni mwendo, kimo ni sehemu ndogo tu. Setilaiti ya obiti ya chini hukimbia karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Ndege kubwa ya abiria haifikishi hata kilomita 0.3 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe uone kilichobaki.

Mfano mzuri ni roketi ya Pegasus, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 1990 chini ya bawa la ndege ya kivita ya B-52, kisha ikahamia kwenye ndege ya Lockheed L-1011. Huachiwa, inaanguka sekunde tano hivi kimya kabisa, ndipo injini inawaka. Hizo sekunde tano huwa zinanikaba roho kila nikitazama video yake! Pegasus XL, toleo lake kubwa zaidi, ina tani 23, lakini mzigo inaoufikisha juu ni kilo 440 hivi tu.

Faida halisi ya kurusha kutoka kwenye ndege ni uhuru wa kuchagua mahali. Mwaka 2012 darubini ya anga za juu ya NuSTAR, ikiwa ndani ya Pegasus, iliachiwa juu ya Pasifiki karibu na kisiwa cha Kwajalein, kwa sababu obiti yake ililala karibu na ikweta. Ungeirusha kutoka kituo cha mbali na ikweta, mafuta mengi yangeishia kwenye kugeuza njia. Tena hewa ya huko juu ni nyepesi, na mawingu ya mvua mengi unayaacha chini.