Jenereta ya trela kwa saiti na kukodisha: usikimbilie kVA 200

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una winchi ya kupandisha zege ya kW 15, mashine ya zege ya kW 7.5, pampu ya kW 5.5, vaibreta za jumla ya kW 3, mashine ya kuchomelea inayokula kama kW 8 na taa za kW 4. Unataka jenereta moja ya dizeli iliyo juu ya trela, ikufanyie kazi saiti, na siku imekaa bure uikodishe. Muuzaji anakwambia chukua kVA 200 ili usije ukajuta. Mimi nilichukua hiyo kVA 200 na nikajuta.

Piga hesabu. Vyote ulivyotaja, vikiwaka kwa pamoja (na havitawaka kwa pamoja), ni kW 43. kVA ndiyo namba ya ukubwa wa jenereta; kupata kW unazoweza kutumia, zidisha kwa 0.8, hivyo kVA 200 ni kW 160. Asilimia 30 ya hapo ni kW 48. Yaani siku yako ya kazi nzito kabisa jenereta hiyo haifiki hata asilimia 30, na chini ya hapo injini ya dizeli haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote, masizi na mafuta mabichi yanaganda kwenye nozeli, kwenye turbo na kwenye bomba la moshi.

Yangu ilianza na matone meusi yanayonata kwenye maungio ya ekzosi. Fundi akasema gasketi ya turbo, tukabadilisha, matone yakarudi wiki hiyohiyo. Ukipitisha kidole unapata kitu kama lami iliyochanganywa na oili. Mwishowe mtu mmoja mzoefu akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: usiku inawasha nini? Taa tu. kW 4 kwenye mashine ya kW 160, kwa muda wa saa kumi na mbili kila usiku, miezi mitano. Tukakodi hita za kupimia jenereta, zile zinazokula umeme makusudi, tukaipandisha mzigo taratibu hadi asilimia 75 na kuiacha hapo saa kadhaa. Moshi uliotoka mwanzoni majirani walidhani kumeshika moto. Ikasafika, lakini silinda zilikuwa zimeshapata ung'avu kama kioo, ringi za pistoni hazikamati, na ulaji wa oili haukukoma mpaka tulipofungua injini.

Sasa usiruke upande wa pili ukachukua kVA 60 kwa sababu kW 48 zake zinatosha kwenye karatasi. Tatizo ni winchi. Mota ya kW 15 ya fezi tatu kwenye volti 400 inatembea na ampea kama 28, lakini ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara sita hivi, karibu ampea 170 kwa muda mfupi. kVA 60 uwezo wake ni ampea 87 tu. Taa zitafifia, kontakta (swichi za sumaku za mota) zitaachia, na mwenye kuchomelea atakutukana. Watakwambia funga staa-delta, starta inayoanzisha mota kwa nguvu ndogo kwanza. Kwenye pampu ni sawa kabisa. Kwenye winchi, staa-delta inashusha ampea za kuanzia hadi theluthi moja, ila nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hivyohivyo, na ndoo ya zege ikiwa tayari inaning'inia mota inaweza kunguruma tu bila kuinua. kVA 100 ina ampea 144, na kwa kuwa mkupuo huo ni wa muda mfupi tu inaumeza na maisha yanaendelea. Kwa hiyo jibu langu ni kVA 100, ya mizunguko 1500 kwa dakika, si zile za 3000. Za usiku nunua kijenereta kidogo cha taa peke yake. Utaona ni gharama ya ziada, lakini ni nafuu kuliko kufungua injini.

Kwenye kibati cha jenereta utakuta namba mbili, PRP (uwezo wa kazi ya kila siku) na ESP. Muuzaji atakutajia ile kubwa, ESP, ambayo ni ya dharura umeme wa gridi ukikatika. Wewe unafanya kazi kutwa, soma PRP. Na hiyo nayo imepigiwa hesabu kwamba wastani wa mzigo wako kwa siku hautavuka asilimia 70.

Upande wa trela watu hawautazami kabisa, na ndio ulioniweka barabarani usiku. Beringi ya gurudumu iliungua kwa sababu trela ilikaa saiti miezi mingi, grisi ikakauka, kisha tukaivuta kilomita nyingi bila hata kugusa kitovu cha gurudumu. Siku hizi kabla ya safari yoyote ndefu magurudumu yanainuliwa na kuzungushwa kwa mkono, likikwaruza, halitoki. Baada ya safari kaza nati zinazoshikilia injini na vichwa vya betri, mtikisiko hulegeza kila kitu. Saiti simamisha mahali pa usawa, weka mawe kwenye tairi, teremsha jeki.

Sevisi: oili na filta kila saa 250. Watu wakisikia 250 wanadhani ni miezi mitatu. Ukiwasha saa 10 kwa siku ni siku 25. Filta ya hewa usiipulize kwa kompresa kali, karatasi inatoboka tundu usiloliona na vumbi la saruji linaingia silinda. Weka taa ndani uangalie kama mwanga unapenya mahali. Redieta usijaze maji matupu ya bomba, weka kulanti (dawa ya redieta), la sivyo silinda zitaliwa vijishimo kwa nje. Fungua kikombe cha kutenganisha maji na dizeli kila asubuhi kabla ya kuwasha, na jaza tangi jioni, maana tangi lenye nafasi tupu usiku hukusanya unyevu. Kabla ya kuzima toa mzigo, iache izunguke dakika tatu hadi tano turbo ipoe.

Kukodisha kuna vituko vyake. Mteja mmoja alipiga simu kwamba jenereta yangu "inageuza" pampu yake. Kweli, pampu ilikuwa inazunguka kinyume. Waya mbili za fezi zilikuwa zimepishana kwenye plagi yake. Sasa naenda na kipima mpangilio wa fezi na tunasaini pamoja. Piga picha ya mita ya saa na geji ya mafuta wakati wa kukabidhi na wa kupokea. Nondo ya eathi napiga mimi mwenyewe, siachii mteja. Na akitaka kuiweka ndani ya basementi nakataa kazi: moshi ule una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu.

Mpya au iliyotumika? Iliyotumika sawa, ila fika bila kutangaza saa na uguse injini kabla haijawashwa. Ukikuta ya moto, wamekuwashia mapema ili usione inavyosumbua ikiwa baridi. Waambie utarudi kesho. Ikiwaka, fungua mfuniko wa oili: ikipumua kama birika, ringi zimekwisha. Mita ya saa usiiamini, inabadilishwa kwa bisibisi. Tazama pedi za breki ya trela na ndoano ya kuvutia zilivyochakaa, hizo hakuna anayekumbuka kuzipaka rangi.