Mume wangu anachomea dhahabu jikoni, mikono inamtetemeka

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu anachenjua dhahabu mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, huku Geita, jioni anarudi na ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu anauchomea jikoni kwetu juu ya jiko la mkaa maana kule anaogopa kuibiwa. Siku hizi mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika, usiku halali, amekua mkali mno. Majirani wanasema karogwa, wenzake wanasema anywe maziwa zebaki itatoka. Mimi nina mimba ya miezi 5 na mwanetu wa miaka 3 analala chumba cha pili. Nifanyeje?
Mama wa Geita

JIBU: Marahaba mama. Naanza na jiko, hayo mengine yanaweza kusubiri kesho: leo hii zebaki isichomwe tena ndani ya nyumba. Ikipata moto inageuka mvuke ambao huuoni wala huusikii harufu, na mtu akiuvuta, sehemu kubwa, karibu 80%, inabaki mwilini, inaenda kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito inapita kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni. Unaobaki unaganda kwenye kuta, bati na masufuria halafu unaendelea kutoka taratibu hata siku asiyochoma, kwa hiyo wewe na mtoto mnavuta pamoja naye.

Kutetemeka, kukosa usingizi, hasira, kusahau, fizi kuvimba, hizo ni dalili zinazojulikana kabisa za mvuke wa zebaki. Hajarogwa, tafadhali msipoteze hela kwa mganga. Ila siwezi kusema ndiyo hiyo tu bila vipimo maana tezi ya shingo na pombe nazo zinatetemesha mikono. Aende hospitali ya mkoa aseme waziwazi kazi yake, asifiche, aombe mkojo upimwe zebaki na figo zikaguliwe. Wewe kliniki waambie hivyohivyo.

Maziwa hayatoi zebaki, hilo nalisikia kila siku na linaniumiza kwa sababu mtu anakunywa nusu lita anaona yuko salama anarudi kuchoma. Dawa ya kwanza ni kuacha kuivuta, mwili wenyewe unatoa karibu nusu kila miezi 2 hivi, dawa za kuitoa zipo lakini anaamua daktari.

Najua dhahabu ndiyo ada na unga, simwambii aache. Achomee nje mbali na watu, kwa ritoti, kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopozwa, kinaikamata zebaki karibu yote na anaitumia tena, kwa hiyo hata hela anaokoa. Wachimbaji wakichanga wanakuwa nacho kimoja. Nguo za kazi abadilishe hukohuko. Sufuria lililochomewa usilipikie tena hata ulisugue vipi, jikoni usifagie kwa ufagio mkavu, pigeni deki kwa maji madirisha yakiwa wazi, na hiyo kazi aifanye mtu mwingine, siyo wewe na mimba yako.