Mto Unakula Kiwanja: Majibu kwa Wakazi wa Bonde la Msimbazi

Shikamoo mhandisi. Mto Msimbazi unakula viwanja vyetu Vingunguti, Dar es Salaam. Tulichanga tukajenga ukuta wa matofali, ukalala kwenye mvua kubwa ya kwanza. Tulikosea wapi?

Marahaba, na poleni sana. Ukuta wa namna hiyo huangushwa na mambo mawili: maji kuchimba chini ya msingi, hasa kwenye kona ya nje ambako mto una kasi, na maji yaliyonywea ardhini kuusukuma kwa nyuma yakikosa tundu la kutokea. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, hustahimili zaidi. Maji hupenya, na chini pakichimbika vikapu hujikunja bila kuvunjika. Ila safu ya kwanza izikwe chini ya sakafu ya mto, na nyuma kitandikwe kitambaa cha kuchuja, la sivyo udongo utatoka kidogokidogo hadi pabaki shimo. Ukingoni pandeni matete. Wachimba mchanga msiwaonee haya: mchanga ukiondoka sakafu hushuka, na kingo huporomoka kuifuata.

Niseme na lisilopendeza. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa kinga, mita hizo nazithamini kuliko gabioni yoyote.

Mtaro wetu wa udongo ukijengwa kwa zege, mafuriko yataisha?

Kwenu huenda yakapungua. Kwa jirani wa bondeni yataongezeka, kwa sababu zege halina cha kuyakwamisha maji. Yote humfikia kwa mpigo mmoja. Kabla ya kuomba zege, ombeni eneo la wazi litakaloachwa lijae kwa saa chache, kisha litoe maji polepole.

Mbona Jangwani hufurika hata siku ambayo hapo hakukunyesha sana?

Maji yake yanatoka mbali, tangu vilima vya Pugu, na njiani yanabeba mchanga na taka. Yakifika tambarare yanapunguza mwendo, mchanga unatua na mto unakosa kina. Bahari ikijaa upande wa Daraja la Selander, mto unapoingia baharini, yanachelewa zaidi kutoka. Waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanakumbuka. Daraja refu la juu la hapo Jangwani litaokoa Barabara ya Morogoro, lakini bonde lenyewe lazima liachiwe maji.

Mimi mpangaji nifanye nini?

Zungumza na mwenye nyumba kuhusu paa. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, sawa na matangi matano ya lita 1,000. Hata tangi moja likikingwa kabla ya masika, maji yake hayaingii mtaroni mvua inapochanganya.