Muulize Fundi: Mashine ipi ya kahawa itatufaa nyumbani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi hapa Ujiji na mzee wangu. Kila asubuhi tunakunywa kahawa nzito isiyo na maziwa, tumezoea kuichemsha kwenye birika. Kijana wetu aliyeko Dar es Salaam ametenga laki tano atununulie mashine. Ametuma picha mbili: moja inatumia vidonge, nyingine imeandikwa "baa 15" kwenye boksi. Buni tunaletewa na shemeji yangu kutoka Manyovu, tunakaanga wenyewe. Tuchukue ipi? – Mama K., Ujiji

JIBU: Shikamoo mama. Ya vidonge msiichukue. Kila kidonge kina gramu 5 au 6 za kahawa ya watu wengine, iliyokaangwa na kusagwa zamani, na vikiisha mtakaa mnasubiri kifurushi kutoka Dar. Vipo vidonge vya kujaza mwenyewe, lakini nilivyoviona mimi vinatoa kahawa nyepesi, na nyinyi mnapenda nzito. Nyumba inayoletewa arabika ya Manyovu mlangoni haina sababu ya kununua kahawa ya kwenye kidonge.

Sasa hiyo ya baa 15. Baa ni kipimo cha presha. Namba hiyo inawavutia wengi, na wauzaji wanalijua hilo. Ni uwezo wa juu kabisa wa pampu. Espreso yenyewe, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayotoka kwenye mashine ya pampu, inahitaji kama baa 9 tu pale maji yanapopita kwenye kahawa, na kikombe kinatakiwa kitoke kwa sekunde 25 hadi 30. Kitakachowapa sekunde hizo ni usagaji, wala si pampu. Mkitwanga kwenye kinu mnapata vumbi na chenga kwa pamoja. Maji yanakimbilia penye chenga, vumbi linaungua, na kikombe kinakuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Mashine ya kusagia ya visu, ile inayofanana na blenda ndogo, ina tatizo hilohilo. Ili pampu ifanye kazi yake mnahitaji kisagio cha meno kinachosaga laini na sawasawa, na laki tano haitatosha kununua vyote viwili vya maana.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa Dar hawezi kulijua. Maji yetu ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, magnesiamu hasa. Tazama chini ya birika lako la umeme utauona utando mweupe. Ndani ya mashine utando huo unakaa kwenye vibomba usivyoweza kuvifikia. Juzi nilifungua mashine iliyoletwa kutoka Gungu ikiwa inanguruma bila kutoa tone. Kibomba cha kwenye hita kilikuwa kimejaa ukoko mgumu, hata kijiti cha kuchokolea meno hakikupita. Hita nayo ilikuwa imeungua kwa sababu maji hayakuwa yanafika. Ongeza umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, utaelewa kwa nini mashine za pampu nazifahamu sana.

Ushauri wangu, mama: pesa iende kwanza kwenye kisagio kizuri cha meno, hata cha kuzungusha kwa mkono. Kitakachobaki mnunue moka ya vikombe vitatu. Ni birika la Kiitaliano la ghorofa mbili, lipo tangu mwaka 1933, linakaa juu ya jiko la gesi. Mvuke unasukuma maji yapande kupitia kwenye kahawa. Presha yake haifiki hata baa 3, kwa hiyo msitegemee lile povu la hotelini, ila kahawa yake ni nzito kweli. Vikombe vyake ni vidogo. Hivyo vitatu ndivyo vitakavyowatosha wawili nyinyi.

Saga laini kuliko ya birika, lakini isiwe kama unga wa sembe. Jaza maji ghorofa ya chini, yaishie chini ya valvu, kile kitundu cha pembeni cha kupunguzia presha. Kahawa isawazishe kwa kidole, usiishindilie. Moto uwe mdogo, na ikianza kukoroma tu, iepue, ukiiacha inaungua. Buni mkishakaanga, zipumzisheni siku tatu nne kwenye kopo lenye mfuniko, halafu msage ya asubuhi hiyo tu. Hapo ndipo mzee atakapoona tofauti na ya birika.

Kama kijana ameshalipia ile ya pampu, basi aongeze stabilaiza, na nyinyi muipitishie maji yenye asidi ya sitriki kila mwezi ili kutoa ukoko, kisha maji safi mara mbili.

Na kwenye moka mwambie atume na raba mbili za akiba za saizi hiyohiyo. Zinakakamaa kwa joto, mvuke unaanza kutokea pembeni, na hapa Mwanga, Kigoma, sijaona duka linaloziuza.