Kwa nini seli ya damu hupasuka kwenye maji na ya mmea haipasuki

Umeuliza kwa nini seli nyekundu ya damu hupasuka kwenye maji matupu, ilhali ya mmea hubaki nzima. Swali zuri, wengi hukariri jibu tu.

Zote mbili zina utando wa tabaka mbili za lipidi (aina ya mafuta), na zote huingiza maji kwa osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, kwa sababu ndani mna vitu vilivyoyeyuka na nje hamna. Maji mengi hupita kwenye vijia vya protini viitwavyo akwaporini (Peter Agre alishiriki Nobeli ya Kemia ya 2003 kwa kuvigundua). Seli ya damu haina kingine cha kuizuia, basi huvimba hadi utando ukachanika. Seli ya mmea ina ukuta wa selulosi nje ya utando. Ukuta huu hauzuii maji kupita! Unazuia seli kutanuka, hivyo shinikizo la ndani hupanda mpaka maji yanayoingia yalingane na yanayotoka.

Katika osmosisi hakuna nishati ya seli inayotumika. Usichanganye na pampu ya sodiamu, protini ya kwenye utando ambayo hutumia ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu.